Tone la Damu Usoke, na Swali Moja Linaloulizwa

“Kidole, bibi. Si kisigino.”

Bibi alikuwa ameshamvua mjukuu wake kiatu cha kushoto. Mara ya mwisho alipoleta mtoto kupimwa, mtoto mwenyewe alikuwa mchanga wa miezi michache na damu ilitolewa kisiginoni. Huyu ana miaka 3, anajua tayari kwamba glovu na pamba havileti heri, na alianza kulia kabla hajaguswa. Nesi alimfuta kidole cha pete kwa spiriti, akangoja kikauke, akakitoboa pembeni ya ncha. Kwa mrija mwembamba alinyonya damu kidogo, mikrolita 5, kama sehemu ya kumi ya tone la maji, akaigusisha kwenye kitundu cha kaseti nyeupe isiyozidi urefu wa kidole. Kwenye kitundu cha pili akadondosha maji ya kipimo kutoka kwenye chupa yake ndogo. Kisha akachukua kalamu na kuandika juu ya kaseti ile: saa 3:40.

Niliinama nitazame. Wekundu ulianza kutambaa kwenye karatasi iliyo ndani, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye pindo la kanga lililotumbukia ndooni. Mbele yake karatasi ilikuwa nyeupe, nyuma yake ikawa ya waridi, kisha ikaanza kusafika. Kabla dakika 5 hazijaisha palikuwa na mistari miwili, mmoja kwenye herufi C na mwingine chini yake. Nesi aliiona, lakini hakusema kitu. Alisubiri muda wake utimie kwanza.

Tulikuwa Usoke, wilayani Urambo, kwenye reli ya kati kwa anayetoka Tabora kwenda Kigoma. Ulikuwa mwezi wa Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, mashimo ya barabarani yamejaa maji, na wengi waliokaa kwenye benchi la nje walikuwa wametoka kuhamisha miche ya tumbaku. Waliofika walisalimia “Mwangaluka”, wakasogezeana nafasi, wakakaa na watoto wao wenye joto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa takriban asilimia 8 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5. Kwa Mkoa wa Tabora peke yake ilikuwa asilimia 23, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Utafiti ule ulitumia kipimo hikihiki alichokishika nesi, ambacho kila mtu hapa hukiita kwa herufi zake, mRDT, kipimo cha haraka cha malaria.

Kuna jambo moja kuhusu kipimo hiki ambalo nimeona halisemwi vya kutosha, hata na sisi waandishi. Hakimtafuti mdudu wa malaria. Hakimwoni, na hata angepita mbele yake mzima mzima kisingemtambua. Kinachotafutwa ni protini moja ambayo mdudu yule huimwaga ndani ya damu anapoishi humo.

Kimelea aina ya falsiparamu, ambaye ndiye anayeua zaidi Afrika, huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuila kutoka ndani. Akiwa humo hutengeneza protini iliyopewa jina fupi la HRP2. Kama theluthi ya vipande vinavyoiunda protini hiyo ni vya aina moja, asidi ya amino iitwayo haistidini, na vimepangwa kwa mfululizo unaojirudia. Ifikirie kama ushanga uliotungwa kwa rangi zilezile: nyeupe, nyekundu, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyekundu, hadi mwisho wa uzi. Kujirudia huku ndiko kulikotoa nafasi kwa wanasayansi. Chembe ya kinga iliyotengenezwa kukamata kipande kimoja cha mfululizo huo inapata mahali pengi pa kushika kwenye protini moja, na chembe nyingi za kinga zinaweza kuing’ang’ania kwa wakati mmoja. Hata protini ikiwa kidogo, alama inakuwa kubwa.

Chembe hizo za kinga, au kingamwili kama wataalamu wanavyoziita, hutokana na ugunduzi wa Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Panya hudungwa kitu kigeni, mwili wake hutengeneza kingamwili za kupambana nacho, kisha seli zinazotengeneza kingamwili hizo huunganishwa na seli za saratani ambazo hazichoki kuzaliana. Seli mseto inayopatikana inaishi bila kikomo na inatoa kingamwili ya aina moja tu, isiyobadilika, leo na kesho. Mwaka 1984 kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel. Mama anayejipima mimba nyumbani, mchangia damu anayepimwa homa ya ini aina ya B, mzee anayepimwa tezi dume: wote hutegemea kingamwili za namna hii.

Kwenye karatasi ile aliyokuwa akiitazama nesi, kingamwili za aina mbili zilikuwa zinangoja. Za kwanza zimefungwa kwenye vumbi la dhahabu na zinasafiri na damu. Za pili zimegandishwa kwenye mstari wa kipimo, hazisogei. Maji ya chupani hupasua chembe za damu, protini ya HRP2 ikiwamo hutoka, inashikwa na kingamwili zenye dhahabu, vinasafiri pamoja, na vikifika kwenye mstari vinadakwa na zile zilizogandishwa. Dhahabu inarundikana hapo. Ndiyo maana tunaona mstari.

Nimesema dhahabu na namaanisha dhahabu yenyewe, ileile iliyochimbwa Nzega kaskazini mwa mkoa huu. Lakini ikisagwa hadi kila punje iwe na upana wa nanomita 40 hivi, takriban mara 2,000 chini ya unene wa unywele, haing’ai njano tena. Inakuwa nyekundu ya zambarau. Mistari inayosomwa zahanatini kila siku ni dhahabu, na sijawahi kumwambia mtu jambo hili bila kuona macho yake yakirudi kwenye kaseti kutazama upya.

Mstari wa C nao una kazi yake. Hauna habari yoyote juu ya malaria. Unaonyesha tu kwamba maji yamefika mwisho wa safari na kwamba kingamwili ziko hai. Usipotokea, kaseti hutupwa hata kama mstari mwingine umekoza, kwa sababu kipimo kilichokaa kwenye boksi la pikipiki juani mwezi wa Oktoba, wakati Tabora inawaka, huenda kimeshakufa. Na mstari wa kipimo ukitokea kwa uhafifu, mstari hafifu ni mstari. Nesi wa Usoke alikuwa amebandika maneno hayo ukutani kwa karatasi ya daftari.

Homa na njia hii ya misafara wamejuana zamani. Mwishoni mwa Juni 1857, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Walipokelewa na Waarabu waliokuwa na maghala ya pembe, vitambaa, nyaya za shaba na shanga. Njia nzima walikuwa wanaugua, na kuelekea magharibi, upande huu wa Urambo hadi Malagarasi, Burton alishikwa na homa iliyoacha miguu yake haina nguvu, ikabidi abebwe na wapagazi kwenye machela. Speke alifika Ziwa Tanganyika Februari 1858 macho yake yakiwa yamevimba, haoni vizuri. Majina ya wapagazi waliokufa kwa homa njiani hatuyasikii yakitajwa.

Miaka 20 na ushee baadaye, mwaka 1879, daktari wa misheni Ebenezer Southon alifika Urambo kwa Mtemi Mirambo na kuanza kutibu watu. Alikuwa na kwinini na uzoefu, lakini hakuwa na njia yoyote ya kujua homa ipi ni ipi, kwa kuwa duniani kote hakuna aliyekuwa na njia hiyo. Southon akiwa bado hapa, tarehe 6 Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran, akiwa Constantine, Algeria, aliona kwa hadubini kitu kinachotikisika ndani ya damu ya askari mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kukitambua kimelea cha malaria. Southon alikufa mwaka 1882, baada ya kujeruhiwa kwa risasi kwa bahati mbaya. Wagonjwa aliowahudumia Urambo walikuwa na jibu ndani ya damu yao, na hapakuwa na wa kulisoma.

Kwa zaidi ya miaka 100 hadubini ilibaki kuwa msomaji pekee. Ni chombo kizuri na nitairudia. Lakini inataka jicho lililofunzwa, rangi ya Giemsa, slaidi safi, mwanga, na mtu asiyechoka baada ya slaidi ya arobaini. Zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na hata kimoja.

Njia nyingine, ya kuipima protini badala ya kumtafuta mdudu, ilianzia mbali na malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walitumia kingamwili na mionzi kupima insulini, ambayo iko kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1971 huko Stockholm, Eva Engvall na Peter Perlmann waliweka kimeng’enya mahali pa mionzi, na hapo ikazaliwa Elaiza, mbinu inayofanya kazi hadi leo katika maabara kubwa za Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Sahani ya plastiki ina vishimo 96. Kila kishimo kimepakwa kingamwili. Unaweka damu iliyochujwa, unangoja, unaosha. Unaweka kingamwili ya pili yenye kimeng’enya, unangoja, unaosha tena. Mwishowe unaweka dawa ya rangi, na kadiri protini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokoza. Mashine inasoma rangi na kukupa kiasi kwa namba. Kazi hiyo ni ya saa kadhaa, na inahitaji umeme, friji, maji safi na mikono isiyotetemeka. Kitepe cha Usoke, yaani karatasi ile iliyo ndani ya kaseti, ni Elaiza iliyofupishwa: kungoja na kuosha kote kumeachiwa karatasi inayonyonya maji yenyewe. Namba imepotea, imebaki ndiyo au hapana. Kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika, naona ilikuwa biashara ya haki.

Na kitepe hicho kilipofika Afrika Mashariki kilipita mlango uleule wa misafara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili, Zulfiqarali Premji na Japhet Minjas, pamoja na Clive Shiff wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walikuwa wanafanya kazi ya vyandarua na malaria katika vijiji vya Bagamoyo. Mwaka 1993 walichapisha taarifa ya mojawapo ya vipimo vya kwanza kabisa vya HRP2, kijiti kilichoitwa ParaSight-F. Mwaka uliofuata wakaonyesha kuwa wahudumu wa afya wa vijijini, watu wasio na maabara, wanaweza kukitumia wenyewe. Ilichukua muda kufika huku bara. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kusambaza mRDT kwa awamu, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa.

Mimi nimekulia wakati wa kabla ya hapo. Homa ilikuwa malaria, malaria ilikuwa klorokwini, na klorokwini ilikuwa mwasho. Walioimeza wanajua: unajikuna nyayo, unajikuna kichwa, unajikuna hadi usiku unakwisha, na bado kesho yake una vidonge vingine. Nikiwa darasa la tano nilimeza dozi mbili mfululizo kutoka kituo kimoja cha afya bila kupimwa chochote, homa ikapanda tu, na siku ya 12 mama alinibeba kwenda kwingine ambako walikuta homa ya matumbo. Simlaumu aliyenipa dawa. Hakuwa na kitu cha kumwambia vinginevyo. Klorokwini ilipoacha kuua vimelea, Tanzania iliiweka kando mwaka 2001, na mwaka 2006 dawa mseto, ALu, ikapitishwa kuwa dawa ya kwanza. Dawa ilikuwa mpya, lakini mazoea ya kuiona kila homa ni malaria yalibaki palepale.

Mazoea hayo yalikuwa yanaua, na tunajua kwa namba. Mtafiti Hugh Reyburn na wenzake walifuatilia wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania wakiwa mahututi na wakatibiwa malaria, na mwaka 2004 wakachapisha walichokiona. Wagonjwa walikuwa 4,474. Damu yao ilipochunguzwa kwa makini, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, chini ya nusu. Kati ya hao wenye malaria, asilimia 6.9 walikufa. Kati ya wale 2,412 ambao hawakuwa nayo, walikufa asilimia 12.1. Yaani waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao walikufa kwa kiwango kinachokaribia maradufu. Wengi walikuwa watoto. Dawa ya malaria haikuwaua. Walichokuwa nacho hakikutafutwa.

Nimesoma taarifa hiyo mara nyingi, na kila mara inanirudisha kwenye upande wa kipimo tunaoupita haraka. Mistari miwili inapotokea, kila mtu anajua la kufanya. Ukitokea mmoja tu, wa C, mtu husema “hana malaria”, na sentensi inaishia hapo.

Kwanza tumalize habari ya mistari miwili, kwani nayo ina mtego. HRP2 haiondoki pale kimelea anapokufa. Mtoto anameza ALu, siku ya tatu vimelea wamekwisha, anacheza, anakula michembe, lakini protini ile bado inaelea kwenye damu, na inaweza kukaa wiki 4 au zaidi. Akipata mafua wiki ya pili akarudishwa zahanati na kutobolewa kidole, mstari utatokea. Katika mkoa ambao mtoto anaweza kuugua malaria mara kadhaa kwa mwaka, jambo hili si dogo. Nesi wa Usoke alimuuliza bibi swali la kwanza kabla hata ya kuvaa glovu: “Amekunywa dawa mseto lini mara ya mwisho, bibi?” Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa kadi. Miezi miwili na nusu. Basi mstari wa leo ni wa leo. Ingekuwa wiki mbili, mstari peke yake usingetosha, na mtoto angehitaji slaidi.

Kitepe kina kikomo kingine cha chini. Kwa kawaida vipimo hivi hupimwa ubora wake kwa vimelea 200 katika kila mikrolita ya damu. Mikrolita moja ya mtu mwenye damu ya kutosha ina chembe nyekundu kama milioni 5. Kwa hiyo kumpata kimelea kwa kiwango hicho ni sawa na kumtambua mmoja aliyejificha kati ya nyumba 25,000, tena bila kubisha hodi. Ni uwezo mkubwa mno kwa karatasi inayobebwa mfukoni. Walio na vimelea pungufu ya hapo, hasa watu wazima waliozoea malaria tangu utotoni, wanaweza kupita bila mstari.

Halafu kuna vimelea walioacha kabisa kutengeneza HRP2. Habari zao zilianzia Amazon ya Peru mwaka 2010, zikaja karibu nasi Eritrea. Katika hospitali ya Ghindae, wagonjwa 21 kati ya 26 waliochunguzwa walikuwa na falsiparamu asiye na jeni ya protini hiyo. Wana malaria, wanatetemeka, na kitepe kinasema hapana. Hebu fikiria kinachofuata: kimelea mwenye protini anaonekana na kuuawa kwa dawa, asiye nayo anarudishwa nyumbani na kuendelea kuzaliana. Kipimo chenyewe kinamchagua yule asiyeonekana. Mwaka 2016 Eritrea iliachana na vipimo vinavyotegemea HRP2 pekee.

Tanzania ilijichunguza mapema, na kwa hili watafiti wetu wanastahili sifa. Kati ya Februari na Julai 2021 watu 7,863 walipimwa katika vituo 100 vya mikoa 10. Damu yao ilichunguzwa pia kwa mbinu ambayo ni ndugu mkubwa wa kitepe: punje ndogo sana za plastiki, kila kundi na rangi yake, kila rangi na kingamwili yake. Damu hiyohiyo moja inaulizwa juu ya protini kadhaa za malaria kwa pamoja, na miale ya leza inasoma kila punje moja moja. Damu yenye protini nyingine za malaria lakini isiyo na HRP2, au yenye kidogo mno, ilipelekwa kuchunguzwa jeni. Sampuli 9 tu zilikutwa hazina jeni ya HRP2. Makadirio yakawa asilimia 0.24, wakati Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadili kipimo pale upungufu huo unapofika asilimia 5. Kwa matokeo hayo kitepe chetu kinaaminika. Kitaaminika kwa muda gani itategemea kama kazi hiyo inarudiwa, na irudiwe hasa katika mikoa kama huu.

Sasa turudi kwenye mstari mmoja.

Usoke na Urambo si nchi ya malaria tu. Ni nchi ya miombo na mbung’o. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa upande huu kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa ajili ya malale, na kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kina mizizi yake katika ugonjwa huo. Malale ya Afrika Mashariki huanza kwa homa. Mrina asali au mkata magogo hurudi kutoka porini na homa na maumivu ya kichwa, kama mwenye malaria yeyote. Kwa aina hii ya malale hakuna kitepe zahanatini. Njia ni ileile ya Laveran: kumwona mdudu mwenyewe kwa hadubini.

Na hapa ndipo hadubini inapotukumbusha thamani yake. Mtaalamu wa maabara anayetafuta malaria kwenye slaidi, akimwona mdudu wa malale anaogelea kati ya chembe za damu, atashtuka. Hakuwa akimtafuta, lakini amemwona. Hivyo ndivyo wagonjwa wengi wa malale walivyogunduliwa siku za nyuma. Slaidi zilipopungua na vitepe kuongezeka, nafasi hiyo ya kuona usichokitafuta ilipungua pia. Kitepe kinaulizwa swali moja na kinajibu swali moja. Hakiwezi kushtuka.

Je, yako maswali mengine ambayo damu ingeweza kuulizwa palepale kwenye benchi? Yapo. Ini likipata habari ya shambulio la bakteria humwaga kwenye damu protini iitwayo CRP, na ndani ya siku moja kiasi chake hupanda mara nyingi. Ipo nyingine, prokalsitonini, yenye tabia inayofanana. Huko Dar es Salaam, kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watoto 3,192 wenye homa katika kliniki 9 waligawanywa. Baadhi walihudumiwa kwa programu ya kielektroniki iliyotokana na mwongozo wa kawaida wa kitabibu. Wengine mganga wao alisaidiwa na programu nyingine ya kwenye tableti, pamoja na vipimo vya palepale vya CRP, prokalsitonini, wingi wa damu, sukari na oksijeni kwa waliohitaji. Kundi la kwanza lilipewa antibiotiki kwa asilimia 29.7. Kundi lililosaidiwa na vipimo lilipewa kwa asilimia 11.5 tu, na bado walioshindwa kupona kufikia siku ya saba walikuwa wachache zaidi, asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Dawa ilipungua na watoto wakapona vizuri zaidi. Mbinu ileile ya kingamwili, protini nyingine.

Naona uchungu kwamba tangu matokeo hayo yachapishwe mwaka 2017, mtoto wa Usoke bado anaulizwa protini moja. Vipimo vya CRP vinauzwa duniani kote. Vinahitaji bajeti, mafunzo, na mtu wa kuvisoma kwa busara, kwani CRP peke yake haitaji jina la ugonjwa. Vinahitaji pia sisi wananchi tuache kuondoka zahanati kwa hasira tunapoambiwa “hakuna malaria”, tukaenda kununua dawa mseto duka la dawa kwa kuona tumenyimwa.

Saa 3:55 nesi alichukua kaseti ya mjukuu, akaielekeza dirishani, akaisoma. Mistari miwili. Akaandika kwenye rejista, akapima uzito, akahesabu vidonge vya ALu, akamwonyesha bibi picha kwenye pakiti: asubuhi na jioni, siku tatu, ale kwanza. “Usiache hata akichangamka, bibi.” Bibi akaitikia, “Nimesikia, mwanangu,” akamvalisha mtoto kiatu.

Kaseti ya pili ilikuwa ya mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, aliyeletwa na mama kijana kutoka makambi ya tumbaku. Mstari wa C, basi. Nesi aliitazama tena, akaisogeza pembeni na asiseme neno lile tunalolizoea. Alimwomba mama amfungue mtoto kifua, amlaze mapajani, amtulize. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya meza, akapiga goti mbele ya mtoto, na kwa dakika nzima, midomo ikitikisika bila sauti, akahesabu pumzi. Zilifika 52. Mwongozo unasema kwa umri ule zisifike 40.

Akanyanyuka, akaenda kabatini kuchukua amoksisilini.